Ungo wa senene

Nilipoolewa, mama mkwe wangu alijua maneno manne tu ya Kiswahili: panda, gari, lala, chini.

Aliyasikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa misako ambayo Waganda mpaka leo huiita kwa jina hilohilo la Kiswahili, panda gari. Askari walizingira mtaa, watu wakapakiwa kwenye malori, na wengine hawakurudi. Hajawahi kuniambia kama miongoni mwao alikuwamo wa kwake, nami sijamuuliza.

Mimi nimezaliwa Bombo, kwa Wanubi, jamii yenye asili ya Sudan, ambako Kiswahili ni lugha ya duka na ya kumbembelezea mtoto. Isitoshe, ndicho ninachofundisha sekondari. Kwa hiyo nilipoingia nyumba ile ya Masaka kama mke wa mwana, niliingia na kitu ambacho wenyeji walikuwa na sababu ya kukiogopa.

Kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, ilifanyika kwa utaratibu wote. Gomesi, gauni la heshima la wanawake wa Kiganda, nilivaa, magoti nilipiga, wasemaji wa pande mbili walitambiana mpaka jua likazama, na picha zipo ukutani. Mama mkwe alinipokea vizuri, sina lawama. Lakini kila simu ya kwetu ilipolia nikaanza kuongea, nilimwona mabega yakimkaza. Nikazoea kutoka nje na simu yangu.

Hali ilikaa hivyo miaka mitatu. Kisha ikaja Novemba moja.

Anayetoka Kampala kwenda Masaka usiku wa msimu wa senene, wadudu jamii ya panzi wanaoliwa, ataziona taa kabla hajafika: balbu kali juu ya nguzo, mabati yamesimamishwa ndani ya mapipa, moshi wa majani mabichi ukipanda. Senene hufuata mwanga, hugonga bati, huteleza, huishia ndani ya pipa. Asubuhi sokoni huuzwa kwa kikombe. Mume wangu alileta nusu gunia kisha akaenda zake, nasi wawili tukabaki uani na ungo katikati yetu.

Kunyonyoa senene si kazi ngumu, ila haitaki haraka. Unachovya vidole kwenye majivu ili wasikuteleze. Unamshika kichwa kwa kidole gumba na cha shahada, unavuta mabawa yote kwa pamoja, kisha miguu, hasa ile mirefu ya nyuma yenye miiba. Wengine huuma. Wengi ni wa kijani, wengine wa kahawia, na mara mojamoja hutokea wa zambarau ambaye mtu hawezi kumtupa kwenye ungo bila kwanza kumwonyesha mwenzake. Baada ya saa moja hufikirii tena. Mikono inakwenda yenyewe.

Akaanza kunisimulia. Usichanani mwake wanawake walikatazwa kula senene. Wao waliwakamata, wakawanyonyoa, wakawakaanga, na mume akala. Mke mwenye bahati alinunuliwa gomesi kuwa shukrani. Alinyonyoa miaka mingi kabla hajaonja hata mmoja. Alisema hayo bila uchungu, macho yake kwenye ungo. Halafu, kwa sauti ileile, akaniuliza kwa Kiganda: “Kwenu hawa mnawaitaje?”

“Senene,” nikamjibu.

Mikono yake ikasimama. Akanitazama kana kwamba nimemdanganya. “Nsenene?”

“Senene, Maama.”

Akauliza nyama. Nyama. Mbuzi? Mbuzi. Enjala nikamwambia ni njaa, omuti ni mti, na kila neno lilipofanana alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani wa siku nyingi kumbe ni ndugu. Kwenye chumvi tukaachana, maana Kiganda ni omunnyo. Alilijaribu neno “chumvi” mara tatu, likamshinda, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kiwiko, kwa sababu vidole vilikuwa vimejaa majivu na mafuta ya senene.

Nimeufikiria sana usiku ule, na nina msimamo juu yake. Siku kubwa tunazozitolea michango na kuzikodishia mahema huwa zinatazamwa. Kila mtu pale ana zamu yake ya kusema, na anachosema kimeandaliwa. Uani kwetu hapakuwa na mtazamaji. Macho yalikuwa chini, mikono ina kazi, na swali lilitoka kwa kuwa ukimya ulikuwa umekaa vizuri. Angeniuliza swali lile ana kwa ana, sebuleni, lingekuwa zito mno kwetu sote.

Hata la serikali naliona hivyo. Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni, nilifurahi kwa dhati, maana ndiyo kazi ya maisha yangu. Lakini uamuzi wa baraza nao ni amri, na bibi yule alikuwa ameshazisikia amri za Kiswahili za kumtosha.

Sisemi kwamba ungo mmoja wa senene ulifuta ya miaka ile. Haukufuta, na wala sina haki ya kutaka ufute. Wapo wanaosema furaha ya vitu vidogo ni faraja ya asiye na kikubwa, na ninawaelewa, kwa kuwa nchi hii imewanyima wengi mambo makubwa waliyostahili. Mimi nasema tu nilichokiona: kesho yake simu ya mama yangu ilipolia, niliinuka kutoka nje kama kawaida, naye akanionyesha kwa mkono, kaa hapohapo.

Mwaka jana tulikaa tena uani. Binti yangu wa miaka minne alikuwa katikati yetu, akipewa wale wa zambarau. Sigiri iliwaka, senene wakatiwa kwenye sufuria bila mafuta, wakaanza kuchuruzika ya kwao wenyewe, na harufu ya vitunguu ikajaa ua mzima. Mama mkwe akaonja mmoja, akafikiri kidogo, akanigeukia.

“Mwanangu,” akasema kwa Kiswahili, “lete chumvi.”

Nikaenda kuileta.