Kusoma ngano na visasili kwenye skrini, unapata maandishi, fanani je?

Kila mara mtu akisema anataka kuchukua kozi ya chuo ya visasili (hadithi za miungu na asili ya vitu) na ngano (hadithi za mapokeo) kwa njia ya mtandao ubishi unaanza. Wengine wanamwambia anatupa hela, ngano ni kitu cha mdomo na masikio, huwezi kukaa peke yako na laptopu ukasema umesoma fasihi simulizi. Wengine wanaona hakuna kozi rahisi kuhamishia mtandaoni kama hii, si ni kusoma hadithi tu? Mi nadhani wote wameshika kitu, ila hao wa pili ndo wamekosea zaidi.

Hoja ya fanani, yaani msimulizi anayetamba hadithi mbele ya watu, ina uzito wake. Ukisema "paukwa" na hakuna wa kujibu "pakawa" hapo hakuna hadithi, kuna mtu anaongea peke yake. Chukua utendi wa Mwindo wa Wanyanga kule Kongo, mwaka 1956 fanani She-Karisi Rureke aliutamba kwa siku 12, anaimba, anasimulia, anacheza, vijana wanampigia mdundo, na mwenyewe akasema hajawahi kuutamba wote mfululizo namna ile. Sasa mwanafunzi anafungua PDF, kurasa kimyaa, anapigia mstari "shujaa", anapigia mstari "safari", anafunga. Maneno kayapata, sauti na jasho hana.

Lakini jamani, darasa la kawaida nalo lina fanani gani? Lekcha na slaidi zake, watu wanaandika notsi, kitabu ni kilekile. Kwa hiyo hoja hii inakipiga chuo kizima, mtandao umeonewa tu.

Na kuna kazi skrini inaifanya vizuri kuliko ukumbi, nayo ni kulinganisha. Matoleo ya zamani ya ndugu Grimm, wale Wajerumani waliokusanya ngano, yako bure mtandaoni, la 1812 na la 1857, hebu fungua Rapunzel zote mbili ubavu kwa ubavu. Kwenye ile ya kwanza binti anamuuliza bibi aliyemfungia mnarani mbona nguo zake siku hizi zinambana, yaani ana mimba na wala hajui. Kwenye ile ya 1857 hadithi ya nguo haipo, anauliza tu mbona wewe mzito kukuvuta juu mnarani kuliko mwana wa mfalme, yule anayemtembelea kwa siri. Linganisha sentensi hiyo moja tu, na hapo unaona mwenyewe kwamba "ngano ya wananchi" imepita kwenye mkono wa mhariri aliyeshalaumiwa kuwa kitabu chake hakiwafai watoto. Darasani ungeambiwa ukaandika, hapa unaikamata mwenyewe.

Kinachoniudhi mimi ni kwizi. Kozi nyingi za mtandaoni zinapenda maswali ya kuchagua jibu kwa sababu kompyuta inasahihisha yenyewe, basi utapewa uoanishe shujaa na mahali anapodhurika: Achilles wa Wagiriki kisigino, Fumo Liyongo wa Waswahili kitovu. Umepata, maksi mbili, endelea. Ila utamu wa Liyongo hauko kwenye kitovu bwana, uko kwa yule mwanawe aliyerubuniwa kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme akamchoma babake sindano ya shaba akiwa usingizini, na Liyongo akajikokota mpaka karibu na kisima akapiga goti na upinde mkononi akafa hivyohivyo, watu siku kadhaa wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Hiyo utaiwekea A, B au C? Na ukiuliza kwa insha, akili mnemba inaiandika kabla chai haijapoa.

Ndo maana kabla ya kulipia kozi mi ningeangalia kitu kimoja, je kuna kazi ya kurekodi? Maana mwanafunzi wa mtandaoni hajahama kwenda kuishi chuoni, wengi wako hapohapo na bibi, mjomba, jirani anayejua hadithi, na simu ya kurekodia wanayo mfukoni. Aombe ruhusa, arekodi, aandike neno kwa neno pamoja na vicheko na pale msimulizi aliponyamaza. Halafu siku nyingine amwombe hadithi ileile wajukuu wakiwa wamekaa pale chini, aone itakavyorefuka na zimwi litakavyopata sauti ambayo mara ya kwanza halikuwa nayo.