Jengo halijui ulisoma kozi gani

Mi nimesoma umeme wa majumbani VETA na chuo nakiheshimu, ila nikisikia vijana wanaulizana wasome umeme au bomba au viyoyozi ili wapate kazi ya kutunza maghorofa, huwa nacheka kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, ghorofa fulani hapa Dar, asubuhi wapangaji wa juu wanapiga kelele hawana maji. Nikashuka chumba cha pampu, nikaweka testa, umeme upo, breka haijakata, pampu inaunguruma, nikasema upande wangu uko poa. Akaja fundi bomba akafungua valvu akasema bomba halijaziba, basi tukaanza kubishana palepale kila mmoja na kozi yake. Akatokea mzee mmoja anayelinda lile jengo, cheti hana hata kimoja, akagusa pampu kwa mgongo wa mkono akaurudisha haraka. "Hii imechemka, inazunguka kavu." Akafunua tangi la chini. Tupu, mgao wa maji ulikuwa siku ya pili, na boya linalotakiwa kuzima pampu maji yakiisha limenasa kwenye kamba huko juu kana kwamba tangi limejaa, kwahiyo pampu ilikuwa inazunguka tu usiku kucha mpaka sili inayozuia maji yasivuje ikaungua.

Kilichoniuma ni kwamba kwenye begi nilikuwa na klampu mita, ile ya kubana waya upime ampia, yaani umeme unaopita. Pampu isiyosukuma maji inakula ampia chache kuliko kawaida, ningepima ningeona, lakini kawaida yake ni ngapi? Hakuna aliyewahi kuandika popote.

Ndio maana naona kijana akimaliza fani yake moja apewe jengo moja zima akae nalo miezi kadhaa na daftari tu, ampia za pampu, masaa ya jenereta, filta za AC zimeoshwa lini, afu aanze kuwasumbua wa fani nyingine kwa maswali. Na wenye majengo nao bwana, kumlipa mtu wa kukagua wanaona hasara ila pampu ikiungua hela inapatikana siku hiyohiyo!

Yule mzee nilimwambia VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, wanakupima unachokijua unapata cheti bila kuanza darasani upya. Hajaenda mpaka leo. Anasema akienda nani atabaki na pampu.