Picha ya Aprili na ya Septemba hazilinganishwi

Ndugu mwandishi, picha mbili za setilaiti mlizoweka za miombo (msitu wa miti inayopukutisha majani kiangazi) ya pembeni mwa Lubumbashi, moja ya Aprili na nyingine ya Septemba, hazithibitishi kwamba msitu umekatwa. Kufikia Septemba miti mingi ya miombo imepukutisha majani na moto umepita chini yake, kwa hiyo hata eneo ambalo halijaguswa na shoka huonekana jeusi au kahawia.

Chukueni mwezi uleule kwa miaka yote. Bora ni mwisho wa Mei hadi Juni: mawingu yamekwisha, nyasi zimeanza kukauka, ila miti bado ni ya kijani. Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni za bure, hupatikana kila siku 5 hivi. Kwa kila pikseli (nukta moja ya picha) toeni bendi ya 4 (mwanga mwekundu) kwenye bendi ya 8 (infraredi ya karibu, ambayo majani huirudisha kwa wingi), mgawanye kwa jumla ya zote mbili; hicho ni kipimo cha ukijani. Thamani ikiporomoka, angalieni tena Juni inayofuata: kovu la moto huota majani, kiwanja kilichojengwa hakioti.

Shida kubwa ni makala, yaani mkaa wa kupikia. Wachomaji wakichagua miti mikubwa tu, pikseli ya mita 10 kwa 10 hubaki ya kijani na ramani inadai msitu upo. Setilaiti za Landsat, zenye pikseli ya mita 30, ndizo hukosa zaidi. Na miembe ya mitaani, hata ikionekana ya kijani kwenye ramani, tafadhali, si msitu. Kabla ya kuchapisha asilimia yoyote, nendeni njia ya kwenda mji wa Kipushi na GPS mkahakiki pointi chache.