Ukitoka nje ya mwili, unaona kwa jicho gani?

Juzi barazani Mkomani, Lamu, ilizuka mada ya asitrali projeksheni, yaani umelala halafu unatoka na kujiona toka juu. Ami mmoja akasema roho inaona kuliko jicho, mwengine akasema hilo ni jinamizi tu limevalishwa kanzu. Mimi nikanyamaza, manake nishawahi kutoka, alfajiri kabla ya adhana, nikajiona nimelala ubavu nami niko huko juu kwenye boriti, nikaziona karibu kabisa hadi ile rangi nyekundu iliyobambuka, na juu ya kabati nikaona sanduku la bati la mama. Asubuhi nikapanda stuli. Hamna sanduku, alishalipeleka Shela kwa dada wiki nzima, pale kuna vumbi na champali moja ya mtoto.

Hilo sanduku ndilo linanisumbua mpaka leo. Inaonekana akili ilinichorea chumba ninachokijua, si chumba kilivyo. Halafu kuna hili: kitu kinachopenya ukuta wa mawe, na kuta za Lamu mnaujua unene wake, kinashikaje mwanga? Jicho linaona kwa sababu mwanga unaingia na kukomea mle ndani, haupiti ukaenda zake. Mwaka 2002 daktari wa ubongo Olaf Blanke na wenzake kule Geneva walimgusa kwa umeme mgonjwa wa kifafa, sehemu ya ubongo upande wa kulia, mama wa watu akasema anajiona toka juu kalala, ila anaona miguu na kiuno tu basi. Umeme kidogo tu huo!

Lakini wa upande wa pili nao si wajinga. Wanasema hapo hakuna mwanga, ni kujua moja kwa moja, halafu akili inakuvisha picha ilivyozoea, ndio maana wengine husimulia wameona mbele na nyuma kwa pamoja. Na 1968 mwanasaikolojia Charles Tart wa Marekani alichapisha habari za msichana aliyesema hutoka mwilini, akalala maabara usiku nne na nyaya kichwani, kukiwa na namba kwenye rafu juu yake asikoweza kuona, usiku wa mwisho akaitaja sawasawa: 25132. Kwa kubahatisha hiyo ni 1 kwa 100,000, wallahi nilisisimka, mpaka niliposoma kuwa hapo juu kulikuwa na saa ya ukutani ambayo huenda iliakisi ile namba, na Tart mwenyewe hakuifunga kabisa njia hiyo. Daktari Sam Parnia naye akaweka picha juu ya mashelfu mahospitalini, zionekane kwa anayetazama toka juu tu, ripoti ikatoka 2014, mioyo iliyosimama 2,060, na yule mmoja aliyesimulia mambo yakathibitika alikuwa sehemu isiyo na shelfu. Bahati gani hii jamani.

Ile hoja ya kuvishwa picha ndiyo inanikera zaidi, kwa sababu ukipatia ni roho imeona, ukikosea ni akili imekuvisha, mchezo huo hafungwi mtu.

Nimemwambia mpwa wangu aandike namba aiweke juu ya kabati nisiione. Mwezi wa tatu sasa. Nimetoka mara moja tu, nikapitiliza zangu hadi pwani kuangalia mashua, namba sikuikumbuka kabisa.