Mwenye duka akirudi darasani

Kuna baraza moja Majengo, hapa Malindi, ambako mjadala mmoja haujakatika tangu mwenye duka wa mtaa huo ajiandikishe kusomea digrii ya biashara wikendi. Ni mama wa watoto watatu, ameuza unga, sukari na mafuta miaka kumi na miwili. Wazee wanauliza: ataajiriwa na nani? Duka analo, wateja anao. Vijana wenye digrii hiyo hiyo wanaendesha bodaboda, naye anatoa pesa dukani aende kuitafuta.

Swali lao lina uzito. Karo ni mtaji, na kila muhula unaolipwa ni magunia ambayo hayakuagizwa. Kutoka Malindi hadi Kilifi mjini, kilipo Chuo Kikuu cha Pwani, ni kama kilomita 60. Mombasa ni karibu 120. Anayesafiri Jumamosi humwachia duka kijana wa kazi siku ya mauzo mazuri. Kalenda nayo haimsaidii: muhula wa Septemba huishia kwenye mitihani ya Desemba, na Desemba ndio mwezi ambao kaskazi inavuma, wageni wanajaa, na pesa ya mwaka mzima inapita mtaani. Isitoshe, kuingia digrii moja kwa moja kunadai C+ ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Wengi walishika biashara kwa kuwa hawakuifikia, basi huanzia cheti, wakaja diploma, na miaka minne ikawa saba.

Hayo nayakubali. Ninalolikataa ni kudhani kwamba mama huyu anatafuta kazi. Anatafuta kujua pesa zake zinakwenda wapi, na hilo duka peke yake halijamfundisha kwa miaka kumi na miwili.

Mwaka 2016 Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, lilitoa utafiti wa biashara ndogo na za kadiri. Ulikuta biashara milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa katika miaka mitano. Nimeigawa hesabu hiyo mara nyingi, nayo kila mara hunirudishia jibu lile lile: zaidi ya milango 1,200 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Sidhani wote hao walikuwa wavivu au hawakuwa na wateja. Maduka niliyoyaona yakifungwa huku kwetu yalifungwa na watu wa kuamka alfajiri, na wateja wakingali mlangoni.

Yalikufaje? Mwenye duka huchukua bidhaa kwa mali kauli, auze kwanza ndipo amlipe muuzaji wa jumla. Jioni droo imejaa. Januari anatoa karo ya watoto, Februari mchango wa harusi, na zile pesa anaziona ni faida ilhali nusu yake ni za mwenye mali. Halafu masika yanaingia. Kati ya Aprili na Juni hoteli nyingi za Malindi na Watamu hufunga au hupunguza watu, na watu hao ndio wanaonunua kwake. Hawaachi kula, wanakula kwa mkopo. Daftari la madeni linanenepa, droo inakonda, na mwenye mali anapiga simu. Duka lilikuwa na faida, ila faida hiyo iko mifukoni mwa majirani. Kuitofautisha faida na pesa iliyo mkononi ni somo la mwanzo kabisa la uhasibu, na wazee wa baraza wana methali yake: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kodi ndiyo inayoniuma zaidi. Tangu Julai 2023, biashara yenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka hutozwa asilimia 3 ya mauzo, ile wanayoiita TOT. Hutozwa mauzo, si faida. Duka la kuuza shilingi 3,000 kwa siku tayari limevuka milioni. Tuseme linauza milioni 1.2 kwa mwaka, na baada ya pango, usafiri na mshahara linabakiwa na shilingi nane katika kila mia, yaani 96,000. TOT yake ni 36,000: zaidi ya theluthi ya faida imekwenda. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu kumwandikia kamishna wa kodi akiomba atozwe kwa faida kama watu wengine, na mtu ambaye faida yake haizidi 288,000 kwa mwaka, akishapunguziwa kodi kwa nafuu yake ya 28,800, halipi chochote. Anachodaiwa ni vitabu vya hesabu vinavyoeleweka. Ni wenye maduka wangapi wa Majengo, Maweni au Muyeye wanaolijua hilo?

Utaniambia mhasibu wa siku moja angemweleza, au kozi ya wiki sita. Kweli, kwa hili moja. Lakini mhasibu hujibu alichoulizwa, na asiyejua kwamba kuna swali hawezi kuuliza. Kozi fupi humpa jibu la leo, na Juni ijayo sheria ya fedha inabadilika tena.

Masomo yenyewe nayo yana kasoro. Mengi yanazungumzia kampuni zenye idara na wanahisa, na hakuna mhadhara utakaomfundisha nani wa kukopeshwa na nani wa kupewa salamu tu. Hilo analijua kuwashinda wahadhiri. Ningependa chuo kimruhusu alete daftari lake la madeni liwe ndiyo kazi yake ya utafiti.

Safari angalau sasa ina njia ya pili. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023, hufundisha kwa intaneti, na kina digrii ya biashara na ujasiriamali.

Mama mwingine akinijia na swali hili, nitamwambia asianze Septemba. Atafute chuo kinachopokea wanafunzi Mei, duka likiwa limepoa na jioni zake ziko wazi. Na karo aiweke kando kidogo kidogo kuanzia Desemba, kwenye akaunti yake mwenyewe, asiiguse droo.