Dawa za kuziba milango ya sodiamu mapafuni: wazo lina nguvu, ushahidi bado haujatosha

Zaidi ya miaka 30 imepita tangu watafiti waanze kuwavutisha wagonjwa wa mapafu dawa za kuziba milango ya sodiamu, ili ute uliokauka upate maji na kutoka kwa urahisi. Hakuna hata moja iliyoidhinishwa kwa matumizi hayo. Wapo wanaosema jitihada hizo zisitishwe, na wapo wanaoshikilia kuwa wazo ni sahihi ila dawa inayolifaa haijapatikana. Mimi naegemea upande wa pili, lakini si kwa namna majaribio yalivyoendeshwa hadi sasa.

Ndani ya njia za hewa kuna tabaka la majimaji lenye kina cha takriban maikromita 7, na juu yake umetanda ute unaonasa vumbi na vijidudu. Vinyweleo vya seli hupiga ndani ya majimaji hayo na kuusukuma ute kuelekea kooni. Seli hizohizo zina milango inayopitisha sodiamu, nayo sodiamu ikiingia ndani huvuta maji. Ikiingia kupita kiasi, tabaka hupungua na vinyweleo hulala chini ya ute kama mashua zilizokwama kwenye tope maji yakishakupwa. Mwaka 2004 watafiti walieleza jinsi panya waliozalishwa wakiwa na milango hiyo inayofanya kazi kupita kawaida walivyopata maradhi ya mapafu yanayofanana na saistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya ute uwe mzito. Watu waliozaliwa na milango isiyofanya kazi, kinyume chake, hukutwa na majimaji mengi mno kwenye njia za hewa.

Wapinzani hawabishani na hayo. Hoja yao inatokana na matokeo kwa wagonjwa. Amiloraidi, dawa ya kuongeza mkojo iliyotengenezwa miaka ya 1960, ilileta matumaini mwaka 1990 pale jaribio dogo la Marekani lilipoonyesha kwamba kuivuta kunapunguza kasi ya kudhoofika kwa mapafu. Majaribio yaliyofuata hayakuthibitisha hivyo, kwa kuwa dawa hiyo hutoweka mapafuni upesi mno. Zikatengenezwa nyingine zenye nguvu zaidi, likaibuka tatizo la figo. Milango hiyohiyo ndiyo inayosaidia figo kurudisha sodiamu mwilini na kutoa potasiamu, hivyo dawa inayovuka kutoka mapafuni kuingia kwenye damu inaweza kupandisha potasiamu, na potasiamu ikizidi moyo unaweza kusimama. Mojawapo ya dawa hizo mpya, iitwayo GS-9411, iliwapandishia potasiamu hata watu wenye afya njema waliojitolea. Nyingine, BI 1265162, jaribio lake lilikatishwa kwa kuwa faida haikuonekana.

Linalonisumbua zaidi ni jaribio la mwaka 2006. Wagonjwa waliovuta mvuke wa maji ya chumvi ya asilimia 7 walisafishika mapafu kwa saa nyingi, lakini waliotangulizwa amiloraidi hawakuipata faida hiyo. Kwa hiyo mwenye kuuliza kwa nini mamilioni ya dola yaendelee kutumika wakati chumvi na maji vipo anauliza jambo la haki.

Hata hivyo, chumvi haimalizi kazi. Kwa ugonjwa wa kurithi unaofanya vinyweleo visipige sawasawa, dawa iitwayo idrevloride ikichanganywa na maji ya chumvi ilileta nafuu kidogo kuliko maji ya chumvi peke yake. Kuna na suala la nani anaachwa nyuma. Dawa mpya za saistiki faibrosisi zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2019 hutegemea aina ya hitilafu ya jeni, na ile inayoonekana zaidi kwa Waafrika weusi, 3120+1G>A, haiitikii dawa hizo. Kuziba milango ya sodiamu hakujali mgonjwa amerithi hitilafu gani.

Hapa Bagamoyo, hata hivyo, saistiki faibrosisi si jambo la kwanza kufikiriwa. Wapo wanaokaanga samaki kwa kuni sokoni ufukweni, na wapo waliotibiwa kifua kikuu ambao makohozi yao hayana tena vimelea, lakini kila asubuhi wanakohoa ute mzito hadi mbavu zinauma, kwa kuwa mirija ya hewa imepanuka na kubaki na makovu. Ute wa wagonjwa wenye mirija iliyopanuka umepimwa kwingineko na kukutwa na upungufu wa maji. Hao ndio wangestahili kujaribiwa dawa hizi. Uwezo wa kufanya utafiti upo: Taasisi ya Afya Ifakara imeshiriki majaribio ya chanjo za malaria za RTS,S na R21 papa hapa Bagamoyo.

Ila wazee wengi wa mji huu wanameza losartani au enalaprili kwa ajili ya shinikizo la damu, na dawa hizo nazo hupandisha potasiamu. Jaribio litakalowaondoa wote hao ili matokeo yapendeze halitatwambia lolote kuhusu wagonjwa wetu; litakalowaingiza bila kuwapima damu mara kwa mara litawahatarisha. Nataka waingizwe na wapimwe, na dawa ilinganishwe na maji ya chumvi ya asilimia 7, si na mvuke usio na kitu. Ikishindwa kuyapita, serikali isiinunue, na fedha hizo zinunue mashine za kuvutia mvuke kwa ajili ya vituo vya afya.