Kupasua na kuambatana: kesi ya kitenzi cha Kiingereza "cleave"

Ibrahimu alipoamka asubuhi na mapema kwenda kumtoa mwanawe sadaka, alichanja kuni kwanza. Biblia ya Kiingereza ya 1611, ile ya Mfalme James, inalitaja tendo hilo kwa neno "clave". Sura kumi na mbili mbele, katika kitabu kile kile cha Mwanzo, Shekemu anamwona Dina na roho yake inagandamana naye. Neno lililotumika ni "clave" tena, herufi zile zile. Mmoja anapasua kuni, mwingine anashikamana na msichana, na msomaji ameachiwa kitenzi kimoja kwa mambo mawili yanayopingana. Umbo lake la sasa ni "cleave", na kwa zaidi ya karne moja limekuwa likivutwa huku na huku na watu wenye fikra tofauti juu ya asili ya lugha.

Upande wa kwanza ni wa Carl Abel, mwanaisimu wa Kijerumani aliyeandika mwaka 1884 kwamba lugha kongwe zilikuwa na mizizi iliyobeba maana mbili zinazopingana. Hoja yake ilikuwa rahisi na inavutia: mtu hajui nuru ila kwa giza, hajui nguvu ila kwa udhaifu, kwa hiyo neno la mwanzo lilitaja vyote viwili kwa pamoja, kisha likagawanyika baadaye. Mifano yake mingi aliitoa katika Kimisri cha kale, lakini alisogea pia hadi Ulaya, akaweka "kleben" ya Kijerumani, yaani kunata, kando ya "cleave" ya Kiingereza. Mwaka 1910 Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, aliipokea hoja hiyo kwa mikono miwili. Alikuwa ameshaona kwamba ndoto hazijali kinyume, kwamba kitu katika ndoto huweza kusimama mahali pa mpinzani wake, na hapa akadhani amepata ushahidi kwamba hata lugha ilizaliwa hivyo hivyo.

Upande wa pili ni wa wanaohesabu sauti, yaani wanaisimu wanaofuatilia jinsi sauti za maneno zilivyobadilika karne kwa karne. Kwao hapa hakuna neno moja, kuna mawili. Katika Kiingereza cha Kale kulikuwa na "cleofan", kupasua, na kulikuwa na "clifian", kunata. La kwanza lina ndugu katika Kigiriki, kitenzi cha kuchonga kilichotupa neno hieroglifu, na katika Kilatini, ambako ndugu yake ana maana ya kuambua gome. La pili ni jamaa wa maneno ya Kiingereza ya udongo wa mfinyanzi na gundi, "clay" na "glue". Irabu za vitenzi hivi viwili zilisogeleana polepole katika Zama za Kati hadi zikakutana, na tangu hapo sikio halikuwa na njia ya kuvitenganisha. Kijerumani hakikupatwa na ajali hiyo: "klieben" ni kupasua na "kleben" ni kunata, hadi leo. Mwaka 1956 mwanaisimu wa Ufaransa Émile Benveniste alirudi kwenye mifano ya Abel na kuonyesha kwamba haihimili kipimo cha historia ya lugha. Abel alikuwa ameokota maneno yanayofanana kwa sura akayafanya ya ukoo mmoja.

Kwa historia, basi, Abel ameshindwa. Lakini siridhiki na namna wapinzani wake wanavyofunga jalada. Wanasema ni maneno mawili yaliyogongana kwa bahati, na kamusi huyaweka katika vidahizo viwili, yaani kila moja na maelezo yake peke yake, kwa hiyo hakuna la kujadili. Hebu turudi kwa Shekemu. Kitenzi cha kunata, kwa asili yake, kilikuwa kitenzi cha kawaida kinachoongeza kiambishi tu mwishoni kikiingia wakati uliopita. Ni kile cha kupasua kilichobadilisha irabu ya ndani. Kwa hiyo "clave" ni vazi la kupasua, na huyu wa kunata amelivaa kwa kuazima. Ruthu naye, anapokataa kumwacha mkwewe Naomi, katika Biblia hiyo hiyo anashikamana naye kwa umbo lile lile la mpasuaji. Maneno mawili yasiyohusiana hayaazimani mavazi hivi hivi. Wasemaji wa karne ya 17 walikuwa wameanza kuyaona kama kitu kimoja, na msemaji haongei kwa ukoo wa maneno, anaongea kwa anachokisikia. Mwanafunzi anayekutana na "cleave" leo hana miaka elfu moja ya irabu kichwani. Kwake ni neno moja linalojipinga, na mkanganyiko wake ni wa kweli hata kama nasaba ya neno inasema vingine.

Kwa upande wa kupasua, maumbo yenyewe yamekuwa rundo. Wakati uliopita unaweza kusikia "clove", "cleft" au "cleaved". Kwato za mbuzi ni "cloven", kaakaa la mtoto aliyezaliwa nalo likiwa limepasuka ni "cleft", na hakuna anayethubutu kuyabadilishana. Yamegandia katika misemo yake.

Sasa Kiswahili, kwa sababu hapa ndipo nilipobadilisha mawazo yangu. Biblia yetu ya Union, katika Mwanzo 2:24, inasema mwanamume atamwacha baba yake na mama yake naye ataambatana na mkewe. Kiingereza cha 1611 kina "cleave" mahali hapo. Tazama ukoo wa ambatana: kuna ambata, kuna ambatisha, kuna ambukiza, maana maradhi nayo huganda kwa mtu, na kuna ambua. Kuambua ni kubandua kilichokuwa kimegandamana, kama gome la mti au utando. Ndiyo maana anayerudi mikono mitupu tunasema hakuambulia kitu, hakupata hata cha kukwangua. Mzizi ni mmoja, na humo mna kushikana na kuachana. Abel angeufurahia sana mfano huu.

Lakini angeufurahia kwa haraka. Maana zile mbili hazikai ndani ya mzizi zikigombana. Zinabebwa na viambishi. Kile cha -ta huleta mgusano, kama katika kamata na fumbata. Kile cha -ua hufungua kilichofungwa: ziba na zibua, kunja na kunjua, bandika na bandua, ganda na gandua. Hata hivyo kuna kitu Abel alikigusa bila kukishika. Huwezi kubandua ambacho hakikubandikwa. Kutengana kunadai kwanza kulikuwa na mshikamano, na Kiswahili kinalisema hilo waziwazi kwa kuliweka tendo la pili juu ya mzizi wa la kwanza. Kiingereza kilipata kitu cha aina hiyo kwa ajali, bila alama yoyote ya kumwongoza msikilizaji.

Wala tusijisifu kupita kiasi. Kuambaa ni kupita kandokando ya kitu, kama chombo kinavyoambaa na pwani, na pia ni kuepukana nacho. Azima nayo: "niazime baiskeli yako" na "nimeazima baiskeli kwa jirani" zina kitenzi kimoja, kutoa na kupokea. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayechanganyikiwa hapo, kwa kuwa sentensi nzima inaonyesha mwenye baiskeli ni nani. Kiingereza cha zamani kilijitegemeza vivyo hivyo. Ukiona "unto" baada ya kitenzi, ni kuambatana. Kikifuatwa moja kwa moja na kuni, ni kupasua. Katika Hesabu 16, ardhi inapopasuka chini ya miguu ya watu wa Kora, waliongeza "asunder", mbalimbali, ili asiwepo wa kuuliza.

Je, neno kama hili libaki au liachwe life? Wasemaji walishaanza kuamua. Mwishoni mwa karne ya 16 Kiingereza kilipokea "split" kutoka Kiholanzi, neno fupi lisilo na utata, likachukua kazi nyingi za kupasua. Kwa upande wa kunata kulikuwa na "stick" siku zote. Biblia ya Kiingereza ya 1952 bado iliandika kwamba mume "cleaves" kwa mkewe, lakini tafsiri ya New International ikasema anaunganishwa naye. Wanaolalamika kwamba neno la zamani limeachwa wana haki ya kulalamika, kwa sababu kuunganishwa ni jambo unalotendewa, ilhali Ruthu alishikamana kwa hiari yake mwenyewe, dhidi ya ushauri. Uzito huo umepotea. Pamoja na hayo, maandiko ya kusomwa kwa sauti mbele ya watu wa rika zote hayawezi kumtaka msikilizaji asimame aulize kama ndoa inaunganishwa au inapasuliwa, na hapo nakubaliana na wafasiri wapya. Mahali pa kulihifadhi neno hili ni darasani, kwa wanaosoma Kiingereza cha zamani kwa nia ya kukijua.

Ukoo wake umebaki jikoni pia, na hapo unamtega mfasiri wa mapishi. Punje ya kitunguu saumu kwa Kiingereza ni "clove", na jina hilo lina damu ya kupasua, kwa kuwa kitunguu hicho hupasukia katika vipande. Karafuu ya Unguja na Pemba nayo ni "clove", lakini hii haihusiani na ile hata kidogo. Ilitoka katika neno la Kifaransa la msumari, kwa umbo la ua lake lililokauka, wakati sisi jina letu tulilichukua kwa Waarabu. Anayefasiri pishi linalodai "cloves" tatu itambidi aangalie kwanza kama kitunguu saumu kimetajwa.